Mkono wa Mwenye Mbwa

Datius Karugendo alikuwa ameegemea nguzo ya duka kwenye stendi ya malori mjini Bukoba, akitafuta mtu wa kumsaidia. Hivyo ndivyo alivyoiita kazi yake. Alikwisha kuwasaidia wakulima wa Kanyigo kwa kuwauzia unga wa kuzuia mvua siku za kuanika kahawa, na alikwisha kumsaidia karani mmoja wa Katoma kuondokana na saa ya mkononi iliyokuwa ikienda vizuri mno. Tangu hapo alipenda kusimama mahali penye njia mbili za kutokea.

Ndipo alipoliona lori la Kamachumu. Mizigo imekwisha kupakiwa, dereva yuko kwenye usukani, lakini abiria wote walikuwa wamesimama chini, upande unakotoka upepo, wamejiziba pua kwa kanga na kofia. Juu ya magunia matupu aliketi bwana mmoja peke yake, koti, tai, na kalamu mbili mfukoni. Mbele yake alisimama mbwa mkubwa wa Kizungu, mgongo mweusi, masikio wima kama askari aliyesikia jina lake likiitwa, na mkia ameubana kama mtu anayeficha kitu. Alichokificha hakikufichika. Harufu yake ilikuwa imekwisha kufika sokoni.

Karugendo alijua jambo moja ambalo hakulipata shuleni, kwa kuwa shuleni hakukaa sana: tajiri anayekimbiwa na watu atanunua chochote kwa mtu wa kwanza atakayeketi karibu naye. Akapanda lorini, akaketi bega kwa bega na yule bwana, akavuta pumzi ndefu kama apitaye jikoni siku ya Krismasi.

"Pole, waitu," alisema, akimpa heshima kwa Kihaya. "Mkubwa huyu ana mashimo chini ya mkia."

Yule bwana alimtazama kwa macho ya shukrani. Tangu apande lorini hakuna aliyekuwa amesema naye kwa umbali mfupi kuliko wa kurushiana jiwe.

Jina lake lilikuwa Josia Kagaruki, mnunuzi wa kahawa wa Kamachumu, mwenye nyumba ya bati na baiskeli yenye taa ya dainamo. Kabla lori halijaumaliza mji, Karugendo alikuwa amekwisha kusimuliwa yote. Mbwa ni zawadi ya Mzungu mkaguzi wa kahawa. Kila msimu Mzungu hupita Kamachumu, na kabla hajashuka garini huuliza kama mbwa hajambo. Kisha, akikumbuka, humuuliza Kagaruki hali yake naye. Kwa hiyo mbwa hauziki, hatupiki, wala hawezi kufa kwa bahati mbaya. Lakini tangu msimu uliopita ngozi ya chini ya mkia wake imetoboka, matundu yamechimbika yakawa vijia, vijia vinatoa usaha na damu. Akienda haja hulia kama kichanga mwenye choo kigumu. Na kuketi kitako, kama mbwa wengine wanavyoketi, amekusahau kabisa.

Daktari wa mifugo wa serikali alikuwa amemtazama asubuhi ile. Alisema ni nasuri, vijia vya usaha ambavyo huwapata sana mbwa wa aina hiyo. Anyolewe manyoya ya sehemu ile, aoshwe kwa maji vuguvugu ya chumvi asubuhi na jioni, alale pakavu, abadilishiwe chakula. Huenda vikafunga, huenda visifunge, na vikifunga vyaweza kurudi. Visipofunga kabisa, kisu. Na kisu kikishindwa, risasi.

"Maji ya chumvi," Kagaruki alisema kwa uchungu. "Nimetoka Kamachumu na tai shingoni nije niambiwe maji ya chumvi. Na hata pesa hakunitoza."

Karugendo alitikisa kichwa. Alimhurumia daktari yule kwa moyo wote: mtu mwenye elimu kiasi kile, na hajui kuuza.

Kilichomsumbua Kagaruki zaidi hakikuwa usaha. Wakulima walikuwa karibu kuchagua mjumbe wa chama chao cha kahawa, naye aliutaka ujumbe huo kama mwenye homa anavyotaka maji. Ili mtu achaguliwe, sharti wazee waje kwake, waketi, wapewe akamwani, zile kahawa kavu za kutafuna ambazo Mhaya hampokei mgeni bila hizo. Wazee hawakuwa wakija. Wa mwisho, mzee Kashaija, alitia kahawa moja kinywani, akageuza uso mlangoni alikolala mbwa, akaomba radhi, akaondoka na kahawa nyingine mkononi bila kuzitafuna. Jambo hilo lilizungumzwa Kamachumu kuliko mvua ya mawe.

"Anaitwa nani?" Karugendo aliuliza.

"Meja."

Karugendo alisimama lorini, mashimo ya barabara yakimrusha huku na huku, akapiga saluti. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba wakati wa vita na Wajapani alikuwa Bama, kwenye kikosi cha mbwa wa jeshi, na kwamba kapteni wawili walipona mikononi mwake ugonjwa huuhuu. Mwenye cheo cha meja hajawahi kumtibu, lakini hofu haikuwa desturi yake. Ukweli ni kwamba vita vilimkuta Nairobi akimenya viazi, na mbwa pekee wa jeshi aliyemwona alimwona kwa nyuma ya bega, wakati akikimbia.

Walikubaliana juu ya malipo kabla ya Kamachumu. Siku Meja atakapoketi kitako mbele ya mashahidi, baiskeli itakuwa ya Karugendo. Kagaruki alikubali kwa wepesi wa mtu ambaye bado hajafikiria jinsi ya kutolipa. Naye Karugendo alikubali kungoja siku hiyo kwa wepesi wa mtu asiyekusudia kuingoja.

Mke wa Kagaruki, Kokugonza, aliwapokea uani na mtoto mgongoni. Mumewe alipomweleza habari za Bama, alimtazama daktari huyo mpya miguuni kwanza, usoni baadaye.

"Viatu hivyo umetoka navyo Bama?"

"Vimetembea sana, mama."

"Havikutembea," alisema Kokugonza. "Soli zimelika mbele tu. Hivyo vimekimbia."

Karugendo akacheka kwa adabu, akaanza kazi. Akamfanya Kagaruki aite jirani wawili watatu, kwa sababu dawa isiyosikilizwa na majirani haina nguvu, akasimama nyuma ya Meja kwa umbali wa heshima, akaeleza. Ugonjwa huu, alisema, ni mlaji wa nyama. Umechimba vijia vile ili utoke kutafuta chakula. Kwa hiyo kila siku ipikwe nyama nzuri, maini yakiwemo, iletwe karibu na Meja ili ugonjwa uisikie harufu na kusogea mlangoni. Hapo daktari ataichukua nyama akaizike migombani, mahali anapopajua yeye peke yake, na ugonjwa utabaki mlangoni umeduwaa na njaa. Meja mwenyewe asionje nyama hata chembe. Apewe furu, vile visamaki vya ziwani ambavyo wachuuzi huvipandisha sokoni kutoka kisiwa cha Goziba, na ndizi za kuchemsha.

"Na maji ya chumvi?" Kagaruki aliuliza kwa wasiwasi.

"Yapo, lakini si yale ya daktari wa serikali," alisema Karugendo. "Yake hutumiwa na mkono wowote. Haya yangu yanafanya kazi kwa mkono mmoja tu, mkono wa mwenye mbwa. Mkono wa mtu mwingine ukigusa, ugonjwa unahamia kwake."

Aliibuni sheria hiyo papo hapo, kwa sababu moja iliyo wazi: hakutaka kushika pale. Lakini aliitamka kwa namna ambayo majirani waliangaliana, na jioni Kamachumu nzima ilikuwa ikiirudia.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi na jioni mnunuzi wa kahawa Josia Kagaruki, aliyekuwa hachoti maji ya kunawa yeye mwenyewe, alichuchumaa uani na tai imetupwa begani, akimwosha Meja makalio. Mkewe alimfundisha kupima maji kwa kiwiko, kama yanavyopimwa ya mtoto. Alimfundisha kupangusa kwa kugusagusa, asisugue, na kumwacha mgonjwa juani hadi akauke. Manyoya yalinyolewa kwa wembe wa Kagaruki mwenyewe. Ushauri ulioletwa bure kutoka Bukoba ulikuwa ukitekelezwa sasa hatua kwa hatua, kwa kuwa ulikuwa umepata bei.

Daktari Karugendo naye alitekeleza sehemu yake. Kila mchana alipokea sahani ya nyama ikitoa moshi, akaipitisha chini ya pua ya Meja kwa utaratibu wa padre, akaingia nayo migombani. Meja alimtazama akienda kwa macho ambayo hata jiwe lingeyahurumia. Baada ya muda daktari alirudi na sahani tupu, amechoka kwa mazishi, na midomo inang'aa.

Kokugonza aliiona midomo. Alikuwa ameona jambo jingine pia: usiku Meja alikuwa halii tena. Mtoto wake alikuwa analala, naye analala, na mwanamke anyonyeshaye haharakishi kumfukuza mtu anayemletea usingizi, hata akiwa mwizi wa maini.

Karugendo yeye hakutazama chini ya mkia. Alikuwa akitazama baiskeli. Siku alipoona ameshiba vya kutosha, alimwambia mwenyeji wake kwamba dawa imebakisha mzizi mmoja tu, unaopatikana Muleba, na kwa miguu mzizi hukauka kabla haujafika. Kagaruki alimruhusu. Karugendo akaenda chumbani ilikowekwa baiskeli, akaikuta imeegemea ukuta inang'aa, taa mahali pake, kengele mahali pake. Gurudumu la mbele halikuwapo.

"Liko uvunguni mwangu," alisema Kokugonza, akimnyonyesha mtoto kizingitini. "Tangu siku ulipofika. Nilidhani litakuwa na baridi peke yake huku."

"Mama, Meja atakosa mzizi."

"Mwambie akae kitako. Akikaa, nitalileta kwa mikono miwili."

Karugendo akatoka akajiambia kwamba kesho ataondoka kwa miguu. Lakini kesho yake kulikuwa na figo, na kesho kutwa ulimi, akawa anaahirisha.

Jumapili moja watu wakitoka kanisani, mzee Kashaija alipita njiani na wenzake, akasimama. Alinusa. Akanusa tena, kama mtu aliyesahau kitu. Kisha akaingia uani, na wengine nyuma yake, kutazama kwa nini hakuna cha kunusa. Meja alikuwa amesimama juani. Aliwatazama wageni, akazunguka mara moja, akashusha makalio taratibu, akayainua, akayashusha tena. Akaketi kitako, akahema, ulimi nje.

Kelele zilizopigwa zilimfikia Karugendo migombani akiwa mazishini. Alikuja akijipangusa midomo. Alipoona, alimwita Meja asimame. Alizunguka nyuma ya Meja, akainama, kwa mara ya kwanza akatazama. Vijia vilikuwa vimefunga. Palibaki makovu ya waridi, makavu. Kati ya wote waliokuwa pale hakuna aliyestaajabu kama daktari. Alikuwa amefanya kazi ya kweli, na sasa alistahili malipo ya kweli, na hisia hiyo mpya ilimfanya aone kizunguzungu kidogo.

Wazee wakaingia ndani, wakaketi, akamwani ikazunguka. Kagaruki aliona viti vyake vimejaa, akaona ujumbe wa chama umeingia mlangoni. Halafu akamwona Karugendo akiitazama baiskeli, na moyo ukamuuma upande mwingine. Hapo ndipo alipofikiria, hatimaye, jinsi ya kutolipa.

Alisimama akasema kwamba mtu aliyemrudishia wageni nyumbani mwake si mtu wa kupewa chuma akaenda zake. Chuma hupata kutu. Mtu kama huyo anapewa damu. Akamwomba Datius Karugendo mbele ya wazee wafanye omukago, wawe ndugu.

Omukago ni jambo ambalo mapadre na wachungaji walikuwa wakilipigia kelele, na shemasi mmoja aliyekuwapo alikumbuka ghafla kwamba hajafungia mbuzi wake, akatoka. Waliobaki walisogeza viti. Tunda moja la kahawa linapasuliwa, punje zake mbili zinatolewa. Kila mmoja anajichanja kidogo kitovuni, anapaka punje yake damu, anamkabidhi mwenzake aimeze. Wanaapa kwamba watagawana nyumba, chakula na shida, na kwamba atakayemkimbia mwenzake, punje ile itavimba tumboni mwake hadi apasuke.

Karugendo alipiga hesabu upesi. Baiskeli ni kitu kimoja. Ndugu wa tajiri ni nyumba ya bati, maini ya kila siku na baiskeli pia. Akavua shati. Kagaruki alimeza punje yake akiwaza kwamba ndugu hamtozi ndugu. Karugendo alimeza yake akiwaza kwamba ndugu hamnyimi ndugu. Wazee wawili walilia.

Asubuhi Karugendo aliamka kama mwenye nyumba.

"Kaka Josia," alisema, "nitahitaji ile baiskeli."

"Baiskeli yetu?" Kagaruki alitabasamu kwa upendo mkubwa. "Ipo, ndugu yangu. Leo naipanda mimi, nawatembelea wapiga kura. Kesho vilevile. Malipo hayapo tena, unajua. Nani ajilipe mwenyewe?"

Akaondoka, gurudumu la mbele likiwa limerudi mahali pake, akipiga kengele bila sababu.

Karugendo alikuwa bado anatafakari maneno hayo Kokugonza alipokuja na beseni likitoa mvuke, akaliweka miguuni pake.

"Shemeji, la Meja hilo."

"Meja anaoshwa na mwenyewe."

"Ndiyo. Mkono wa mwenye mbwa, ulisema, majirani wanasikia. Sasa mbwa ni wenu wawili, na mwenzako kaenda kuomba kura. Daktari wa serikali alionya vinaweza kurudi tukiacha kuosha." Alimweka mtoto vizuri mgongoni. "Pima kwa kiwiko. Usisugue."

Na kwa kuwa daktari alikuwa sasa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hazikiwi nyama, nyama nayo ilikoma. Alikula walichokula wenyewe, maharage na ndizi. Siku za Ijumaa alikula furu, sahani moja na Meja.

Mtu mwingine angejiondokea tu. Karugendo alikuwa amesema uongo kwa majina ya mbinguni na ya duniani bila kupata hata mafua. Lakini alikuwa Mhaya, na mama yake alikuwa Mhaya, na ile punje ya kahawa alihisi iko palepale chini ya kitovu, imekaa, inasikiliza. Aliosha asubuhi, akaosha jioni. Alijiambia kwamba punje ni punje, itakwisha kusagika. Alijipa muda ili isagike vizuri.

Kagaruki alichaguliwa. Siku ya kupongezwa ua ulijaa watu na mirija ya lubisi, ile pombe ya ndizi, na baiskeli iliegemezwa ukutani bila mlinzi, na mjumbe mpya alikuwa katikati ya hotuba ambayo ilikuwa imeshapita mwisho wake mara mbili. Karugendo aliipima njia kwa macho: geti, mteremko, Kagoma, Muleba, na baada ya Muleba dunia.

Kokugonza aliyaona macho hayo. Alikuwa akiyangoja. Wageni wote waliletewa lubisi lililolala likatulia; yeye alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi, akachota lile la asubuhi ile, tamu, changa, lenye povu linaloendelea kuchemka polepole, ambalo mama hampi hata adui yake kabla ya safari. Alijaza kibuyu kikubwa.

"Kunywa, shemeji. Bila wewe siku hii isingekuwapo."

Hakuna mwingine aliyekuwa amemshukuru. Karugendo alikinywa chote, akaguswa hata, kisha akajongea ukutani kama anayekwenda kujisaidia. Alipopanda baiskeli hakuna aliyegeuka ila Meja.

Mteremko ulimbeba kama malaika. Upepo masikioni, kengele ikilia yenyewe kwenye mashimo, migomba ikirudi nyuma pande zote mbili. Alicheka kwa sauti peke yake. Alikuwa akiimba alipokaribia Kagoma, na ni hapo tumbo lilipomjibu.

Kwanza lilinguruma. Alidhani ni lori. Kisha likasogea, likajigeuza, likaanza kujaa, mkanda ukamkaza, na mahali palepale chini ya kitovu pakadunda. Karugendo alishuka baiskelini, akafungua shati. Tumbo lilikuwa limetoka mbele kama la mjamzito, na alipolitazama lilizidi. Alisikia sauti za wazee zikirudia kiapo, neno kwa neno, mpaka lile la kupasuka.

"Ninarudi," aliliambia tumbo lake katikati ya barabara, mama mmoja mwenye mzigo wa kuni akipita. "Nilikuwa naijaribu breki tu."

Aligeuza baiskeli. Mlima wa kurudi Kamachumu haupandiki kwa baiskeli, kwa hiyo aliisukuma, akisimama mara kwa mara kwenye migomba ya watu kwa shida kubwa, na kila alipotoka alijihisi mwepesi zaidi, na kila alipojihisi mwepesi zaidi alizidi kuamini kwamba ni kwa sababu anarudi.

Aliingia getini jua likiegemea, viatu mkononi. Wageni walikuwa wamekwisha kuondoka. Mjumbe wa chama alikuwa amelala kwenye kiti chake cha uvivu akitabasamu, na hakuwa amejua kwamba ndugu yake alitoka. Kokugonza aliipokea baiskeli, akaitazama upande huu na huu, akalifungua gurudumu la mbele bila haraka, akalipeleka uvunguni. Aliporudi alikuwa na beseni.

"Shemeji," alisema, "maji yanapoa."

Karugendo akakunja mikono ya shati, akatumbukiza kiwiko. Meja, ambaye cheo chake hakikumruhusu kungoja, akasimama, akageuka, akainua mkia.